Vidonge Milioni 15.6: Kisa cha Rwanda, Kanada na Leseni ya Lazima

Kidonge kilichotoka Kanada kwenda Rwanda mwezi Septemba 2008 kilikuwa na herufi tatu juu yake, XCL, kwa kuwa sheria ya Kanada ilitaka hivyo. Sheria hiyo hiyo ilitaka pia rangi yake itofautiane waziwazi na rangi ya kidonge cha aina hiyo kinachouzwa ndani ya Kanada. Ndani yake kulikuwa na dawa tatu za kufubaza virusi vya UKIMWI: zidovudini miligramu 300, lamivudini miligramu 150 na nevirapini miligramu 200. Mgonjwa alimeza kimoja asubuhi na kimoja jioni, hivyo pakiti ya vidonge 60 ilimfikisha mwezi. Zile herufi hazikumhusu yeye wala daktari wake. Zilichapwa kwa ajili ya maofisa wa forodha na wenye hataza, yaani wenye haki ya kisheria ya pekee juu ya uvumbuzi wa dawa, ili kidonge hicho kikionekana mahali pengine popote kijulikane kuwa kimepotoka njia.

Shehena ile ilikuwa ya kwanza kusafirishwa chini ya utaratibu uliowekwa na Shirika la Biashara Duniani (WTO) ili nchi isiyo na viwanda vya dawa iweze kununua dawa zilizotengenezwa nchi nyingine bila ridhaa ya mwenye hataza. Shehena ya pili ilifuata mwaka mmoja baadaye, kisha kukawa kimya. Utaratibu uliojadiliwa kwa miaka, ukatungiwa sheria katika nchi kadhaa na mwishowe ukaingizwa ndani ya mkataba wenyewe, umetimia mara hiyo moja tu. Ndiyo sababu kisa hiki kinastahili kuchambuliwa tarehe kwa tarehe: kila hatua iliyotakiwa ilifuatwa, dawa zikafika, na bado hakuna aliyetamani kurudia safari ile. Maoni yangu ni kwamba kasoro haikuwa kwenye leseni. Kasoro ilikuwa kwenye mpangilio wa hatua, ambao unamtaka mnunuzi ajitangaze hadharani kabla hajaijua bei, na unamtaka mtengenezaji amtaje mnunuzi kabla hajaruhusiwa kuuza.

Tuanze na kanuni zenyewe. Mkataba wa TRIPS, unaosimamia miliki ubunifu katika biashara ya kimataifa, ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1995 pamoja na WTO. Kabla ya hapo kila nchi ilikuwa huru kuamua kama dawa inaweza kupewa hataza au la. India, kwa mfano, chini ya sheria yake ya mwaka 1970, ilitoa hataza kwa njia ya kutengeneza dawa na si kwa dawa yenyewe, na kwa hiyo viwanda vyake viliweza kutengeneza dawa ileile kwa njia nyingine bila kuvunja sheria. Mkataba uliuondoa uhuru huo. Ibara ya 27 inataka hataza zitolewe katika nyanja zote za teknolojia, kwa bidhaa na kwa njia za kuzitengeneza pia, na Ibara ya 33 inazipa muda usiopungua miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi. India ilipewa hadi tarehe 1 Januari 2005 kuirekebisha sheria yake.

Hata hivyo, mkataba haukumwachia mwenye hataza kila kitu. Ibara ya 31 inairuhusu serikali kumpa mtu mwingine leseni ya kutengeneza bidhaa bila idhini ya mwenye hataza, mradi mwenye hataza alipwe malipo ya kutosha. Hiyo ndiyo leseni ya lazima. Tatizo lilikuwa kifungu (f) cha ibara hiyo, kinachosema kwamba leseni ya namna hiyo itolewe hasa kwa ajili ya kulisha soko la ndani la nchi inayoitoa. Nchi yenye viwanda haioni uzito wa sharti hilo. Nchi isiyo na kiwanda inaweza kutoa leseni ya lazima, lakini hakuna wa kuipokea. Na nchi nyingine yenye kiwanda, hata ikiwa na nia njema, inabanwa na sharti lilelile, kwa kuwa sehemu kubwa ya bidhaa zake lazima ibaki nyumbani. Haki ilikuwapo kwa wote, lakini wenye uwezo wa kuitumia walikuwa wale ambao shida yao ilikuwa ndogo zaidi.

Mawaziri wa biashara waliokutana Doha walilikiri jambo hilo kwa maandishi tarehe 14 Novemba 2001. Aya ya 4 ya tamko lao inasema kwamba mkataba hauzuii na haupaswi kuzuia nchi wanachama kuchukua hatua za kulinda afya ya umma. Aya ya 6 inataja nchi ambazo hazina uwezo wa kutosha wa kutengeneza dawa, au hazina kabisa, na kuliagiza Baraza la TRIPS, chombo cha WTO kinachousimamia mkataba huo, lipate ufumbuzi wa haraka kabla ya mwisho wa mwaka 2002. Aya ya 7 iliziruhusu nchi zenye maendeleo duni kutolinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2016, muda ambao baadaye ulisogezwa hadi 2033. Ufumbuzi wa aya ya 6 ulichelewa na kupatikana tarehe 30 Agosti 2003. Katika miezi hiyo yote ya ziada, mabishano yalihusu ni magonjwa gani yaingizwe, ni nchi zipi ziruhusiwe, na vidonge vizuiwe vipi kurudi katika masoko ya nchi tajiri.

Uamuzi wa 2003 uliliondoa sharti la kifungu (f), lakini mahali pake uliweka masharti mengine. Nchi inayotaka kununua ilitakiwa kuliarifu Baraza la TRIPS kwa maandishi, ikitaja jina la dawa na kiasi inachotarajia. Kama si nchi yenye maendeleo duni, ilitakiwa pia kuonyesha kwamba haina uwezo wa kutosha wa kuitengeneza dawa hiyo. Kama dawa ina hataza ndani ya nchi hiyo, nayo ilitakiwa kutoa leseni yake ya lazima. Nchi inayouza ilitakiwa kutoa leseni kwa kiasi kile kile kilichotajwa, na chote kisafirishwe kwa mnunuzi yule yule aliyetajwa. Dawa ziwekewe lebo au alama maalumu, na pale inapowezekana vifungashio, rangi au umbo la pekee. Kabla ya meli kung'oa nanga, mtengenezaji atangaze kwenye tovuti kiasi kinachopelekwa na alama zinazokitambulisha. Ukisoma sharti moja moja hutaona la kutisha; uzito wake unaonekana pale unapoyapanga yote kwenye kalenda ya kiwanda kimoja na mnunuzi mmoja.

Pamoja na uamuzi huo, Mwenyekiti wa Baraza Kuu alisoma tamko lililosema kwamba utaratibu utumike kwa nia njema kwa ajili ya afya ya umma, na usiwe chombo cha sera za viwanda au za kibiashara. Nayaona maneno hayo kuwa chanzo cha mengi yaliyofuata. Mtengenezaji wa dawa za jenerika, yaani dawa zenye viambato vilevile bila jina la kampuni iliyozivumbua, ni mfanyabiashara. Analipa wakemia, anaendesha mitambo na anabeba hasara kundi la vidonge likikataliwa na wakaguzi. Kumjengea utaratibu unaoitazama faida yake kwa shaka ni sawa na kumtegemea mkulima alishe mji huku ukimkataza kuuza mavuno.

Kanada ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuuingiza uamuzi huo katika sheria zake. Sheria iliyopewa jina la Ahadi ya Jean Chrétien kwa Afrika ilipata idhini tarehe 14 Mei 2004 na kuanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Nia yake ilikuwa njema, na sina sababu ya kuitilia shaka. Lakini wabunge waliongeza masharti ambayo WTO haikuyadai. Dawa ilibidi iwemo katika jedwali lililoambatanishwa na sheria. Isiyokuwemo iliongezwa kwanza kwa uamuzi wa serikali. Dawa ilibidi ipitishwe na mamlaka ya afya ya Kanada, ingawa haingeuzwa huko. Mtengenezaji aombe leseni ya hiari kwa wenye hataza na kusubiri siku 30. Leseni ya lazima ikitolewa, idumu miaka miwili tu, na iweze kuongezwa mara moja. Mwenye hataza naye alipewa nafasi ya kwenda mahakamani kudai kwamba mauzo ni ya kibiashara, iwapo bei ya wastani ingefika asilimia 25 ya bei yake ndani ya Kanada.

Kuhusu mrabaha, yaani malipo anayopewa mwenye hataza, sheria ilikuwa nyepesi, na hapa inafaa tukokotoe kidogo. Kiwango kilifungwa kwenye nafasi ya nchi inayonunua katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya maendeleo ya binadamu, na hakikuweza kuzidi asilimia 4. Chukua nchi iliyo nafasi ya 160 kati ya 177: unachukua 1, unajumlisha 177, unatoa 160, unapata 18, unagawa kwa 177, kisha unazidisha kwa asilimia 4. Jibu ni karibu asilimia 0.4. Kwa mauzo ya dola milioni 3 za Marekani, huo ni mrabaha wa dola 12,000 hivi. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi hudhani kwamba ugomvi wa leseni za lazima ni ugomvi wa fidia. Katika kisa hiki fidia ilikuwa ndogo mno kuweza kumgombanisha mtu. Kilichogombewa ni nani anayeamua dawa iende wapi.

Kampuni iliyojitokeza ilikuwa Apotex, mtengenezaji mkubwa wa dawa za jenerika nchini Kanada, baada ya shirika la Madaktari Wasio na Mipaka kutaka kuona kama sheria mpya inaweza kufanya kazi kweli. Dawa tatu zile katika kidonge kimoja hazikuwemo kwenye jedwali, hivyo jedwali likarekebishwa mwezi Septemba 2005. Mamlaka ya afya ya Kanada ilikipitisha kidonge hicho, kilichoitwa Apo-TriAvir, mwezi Julai 2006, na mwezi uliofuata kikaingia katika orodha ya dawa zilizohakikiwa na Shirika la Afya Duniani. Kufikia hapo kulikuwa na dawa iliyo tayari, iliyopimwa na kuthibitishwa mara mbili. Kilichokosekana ni mnunuzi, kwa kuwa kampuni haikuweza kuomba leseni bila kutaja jina la nchi.

Karibu mwaka mzima ulipita bila nchi yoyote kujitokeza, na mtu anaweza kuuliza kwa nini, ilhali wagonjwa walikuwapo. Nadhani jibu linaonekana ukiangalia yaliyoipata Thailand wakati huo huo. Thailand haikuwa inatumia utaratibu wa aya ya 6. Ilitoa leseni za lazima za kawaida, chini ya Ibara ya 31, mwishoni mwa 2006 na Januari 2007, na mojawapo ilihusu dawa ya UKIMWI ya kampuni ya Abbott. Mwezi Machi 2007 Abbott ikaondoa maombi yake ya kusajili dawa mpya nchini humo, na baada ya hapo serikali ya Marekani ikaiweka Thailand katika orodha yake ya nchi zinazofuatiliwa kwa kipaumbele kuhusu miliki ubunifu. Thailand ilikuwa na haki kwa kila kipimo cha mkataba. Sasa mfikirie ofisa wa wizara ya afya katika nchi maskini kuliko Thailand, anayeombwa kuweka sahihi kwenye barua itakayosomwa na wanachama wote wa WTO, kwa ajili ya dawa ambayo hajapewa bei yake.

Rwanda iliweka sahihi. Barua yake ilipelekwa WTO mwezi Julai 2007, mwezi uleule ilipoanza uanachama wake kamili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni barua fupi sana. Inasema kwamba kwa tathmini ya mahitaji yake ya afya Rwanda inatarajia kuagiza, katika miaka miwili ijayo, pakiti 260,000 za TriAvir zinazotengenezwa Kanada na Apotex; kwamba inabaki na haki ya kubadili makadirio hayo; na kwamba, kwa mujibu wa aya ya 7 ya Tamko la Doha, haitazilinda hataza zozote zinazoweza kuwapo nchini mwake juu ya dawa hiyo. Ikiwa nchi yenye maendeleo duni, haikutakiwa kuthibitisha kwamba haina viwanda wala kutoa leseni yake yenyewe. Kwa upande wa mnunuzi, hiyo ndiyo njia nyepesi kuliko zote ambazo utaratibu unaruhusu.

Apotex ikaziomba kampuni zenye hataza leseni ya hiari, na mazungumzo hayakuzaa matunda. Tarehe 4 Septemba 2007 iliwasilisha maombi ya leseni ya lazima. Tarehe 19 Septemba Kamishna wa Hataza wa Kanada akaitoa: vidonge 15,600,000 kwa muda wa miaka miwili. Pakiti 260,000 zikizidishwa kwa vidonge 60 zinatoa idadi hiyo hiyo, bila kidonge kimoja cha ziada. Inatosha kuwatibu watu zaidi ya 21,000 kwa mwaka mmoja, au nusu yao kwa miaka miwili.

Siku 15! Watetezi wa utaratibu huu huzitaja siku hizo kila wanapoambiwa kwamba ni mzito, na tarehe hizo ni za kweli. Kama kisa kingeishia pale, ningekubaliana nao. Lakini leseni ilipotolewa, saa ya miaka miwili ilianza kuhesabu, na hapakuwa na mkataba wa mauzo. Barua ya Rwanda ilikuwa imemtaja mtengenezaji kwa jina, ilhali ununuzi wa umma huenda kwa zabuni, na serikali inayojali fedha za wananchi wake haiwezi kumpa mtu kazi kwa sababu tu jina lake limeandikwa kwenye barua iliyopelekwa Geneva, yaliko makao ya WTO. Zabuni ikatangazwa baada ya leseni. Apotex iliishinda mwezi Mei 2008, kwa bei ya senti 19.5 za Marekani kwa kidonge. Shehena ya kwanza, ya vidonge karibu milioni 7, iliondoka tarehe 24 Septemba 2008. Mwaka mzima wa leseni ya miaka miwili ulikuwa umeshapita kabla ya kidonge cha kwanza kuvuka bahari. Shehena ya pili ilikwenda Septemba 2009, leseni ikiwa inafikia ukomo.

Hebu tuipime bei ile. Kwa senti 19.5, pakiti ya mwezi ni dola 11.70, na mwaka mzima wa matibabu ni dola 142 hivi. Miaka michache tu kabla ya hapo, dawa za namna hii zenye majina ya kampuni zilizozivumbua ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Bei ambayo Apotex ilikuwa imeitaja awali ilikuwa karibu maradufu ya ile iliyoshinda zabuni. Ushindani ndio ulioishusha. Hapa ndipo ninapouona mpangilio wa hatua ukiwa umegeuzwa kichwa chini. Katika ununuzi wa kawaida mnunuzi hutangaza haja yake kwa ujumla, wauzaji wengi huleta bei, naye huchagua. Katika utaratibu wa aya ya 6, muuzaji anayebanwa na hataza hawezi kushindana sawasawa mpaka awe na leseni. Hawezi kupata leseni mpaka nchi itajwe pamoja na kiasi. Na nchi haina sababu ya kujitaja mpaka ione bei inayoweza kupatikana kwa ushindani tu. Kila mmoja anamngoja mwenzake mlangoni. Rwanda na Apotex walipita kwa sababu kila upande ulikubali kutembea gizani kwa muda: Rwanda kwa kumtaja muuzaji kabla ya zabuni, na Apotex kwa kutengeneza dawa, kuipitisha na kuiombea leseni bila uhakika wa mauzo.

Kwa haki lazima niseme kwamba hofu ya dawa kurudishwa nchi tajiri haikuzushwa. Mwaka 2002 iligundulika kwamba dawa za UKIMWI zilizouzwa kwa bei ya chini kwa ajili ya wagonjwa wa Afrika zilikuwa zimegeuzwa njia na kuuzwa Ulaya, na mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya ukatunga kanuni ya kuzuia jambo hilo. Mgonjwa wa Afrika ndiye aliyeibiwa hapo, kabla ya kampuni yoyote. Kwa hiyo alama, rangi ya pekee na tangazo la shehena kwenye tovuti ni masharti ninayoyakubali bila kinyongo. Yanagharimu fedha kidogo na yanalenga kosa lililowahi kutendeka. Ninachokipinga ni kufunga leseni kwenye nchi moja na idadi moja, kwa sababu sharti hilo halimzuii mwizi. Mwizi wa dawa hahesabu leseni. Linamzuia mtengenezaji kujumlisha mahitaji ya nchi kadhaa, na katika utengenezaji wa vidonge kiasi ndicho kinachoamua bei.

Iko hoja nyingine nzito zaidi dhidi ya kisa hiki, nayo siwezi kuiruka. Wakati huo viwanda vya India vilikuwa vinatengeneza mchanganyiko uleule na kuuuza kwa bei inayokaribiana na ile ya Apotex au chini yake, bila leseni ya lazima yoyote. Zidovudini, lamivudini na nevirapini zilivumbuliwa mapema kiasi kwamba sheria mpya ya India ya 2005 haikuzifunga. Tangu mwaka 2001 kampuni ya Cipla ilikuwa inatoa matibabu ya dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka, na bei ziliendelea kushuka. Rwanda ingeweza kununua huko. Kwa sababu hiyo wapo wanaosema kwamba kisa hiki kilikuwa maonyesho tu: utaratibu ulitumika pale usipohitajika.

Naukubali ukweli wa hoja hiyo, lakini naisoma kwa namna nyingine. Ikiwa utaratibu ulisuasua kiasi hiki katika mazingira mepesi kuliko yote, ambapo mnunuzi hakuhitaji leseni nyumbani, dawa ilijulikana na kuthibitishwa, mtengenezaji alikuwa tayari kufanya kazi bila faida na washindani wa India walisaidia kushusha bei, basi utasuasua zaidi pale mazingira hayo yanapokosekana. Nayo yanazidi kukosekana. Dawa zilizovumbuliwa baada ya mkataba zinaweza kupata hataza India kama kwingineko, na nchi iliyozoea kununua huko bila leseni italazimika kuingia kwenye njia hii ya barua, leseni na alama. Kisa cha Rwanda kilipima daraja kwa mzigo mwepesi, na daraja likatikisika.

Baada ya shehena ya pili leseni haikuongezwa. Apotex, iliyosema haikupata faida yoyote, ilieleza wazi kwamba haiwezi kurudia kwa sheria ilivyo. Nchini Kanada palikuwa na jitihada za kweli za kurekebisha. Muswada C-393 ulikusudia kuweka leseni moja itakayomwezesha mtengenezaji kupeleka dawa katika nchi mbalimbali bila kuanza upya kila mara. Baraza la chini la Bunge liliupitisha Machi 2011, lakini Bunge likavunjwa mwezi uleule kwa ajili ya uchaguzi, nao ukafia Seneti. Muswada C-398, wenye lengo hilohilo, ulikataliwa Novemba 2012 kwa kura 148 dhidi ya 141. Kura saba! Wenzetu waliopiga kampeni kwa ajili ya miswada ile, wakiwemo bibi wa Kanada waliojiunga kuwaunga mkono bibi wa Afrika wanaolea wajukuu yatima, walikuwa wameielewa kasoro vizuri kuliko wanadiplomasia wengi.

Geneva, mambo yalikwenda upande mwingine. Badala ya kuufanyia utaratibu matengenezo, wanachama waliuweka ndani ya mkataba kama ulivyo. Uamuzi wa kuongeza Ibara ya 31 bis, yaani ibara ya nyongeza inayofuata ile ya 31, ulipitishwa tarehe 6 Desemba 2005, kabla hata ya utaratibu kujaribiwa mara moja, na ulianza kutumika tarehe 23 Januari 2017, theluthi mbili ya wanachama walipokuwa wameuridhia. Hayo ndiyo yalikuwa marekebisho ya kwanza ya mikataba ya WTO tangu shirika lianzishwe. Ushahidi wa pakiti 260,000 ulikuwapo mezani kwa miaka saba au minane kabla ya tarehe hiyo, na neno halikubadilishwa.

Kisha ikaja korona. Mwezi Mei 2021 Bolivia iliiarifu WTO kwamba inakusudia kuagiza dozi milioni 15 za chanjo ya Johnson & Johnson, zitengenezwe na kampuni ya Biolyse ya Kanada, kwa utaratibu uleule na sheria ileile ya Kanada. Safari hii kazi ilikwama kwenye jedwali. Chanjo haikuongezwa, na bila hilo maombi ya leseni hayakuweza hata kuanza kusikilizwa. Bolivia ilikuwa imejitaja, kiasi kilikuwa kimetajwa, mtengenezaji alikuwapo, leseni haikutoka. Tarehe 17 Juni 2022 mawaziri wa WTO walikubaliana kuliondoa, kwa chanjo za korona peke yake, sharti la kulisha hasa soko la ndani, bila kudai nchi moja moja itajwe mwanzo. Yaani walikubali kwamba mpangilio unaweza kugeuzwa, ila kwa ugonjwa mmoja na kwa muda maalumu.

Ndani ya uamuzi wa 2003, na sasa ndani ya Ibara ya 31 bis, kipo kifungu ambacho kwa sisi wa Afrika Mashariki kina maana kuliko vingine. Kinasema kwamba pale nchi zinapokuwa katika jumuiya ya kibiashara ambayo angalau nusu ya wanachama wake ni nchi zenye maendeleo duni, dawa iliyotengenezwa au kuagizwa chini ya leseni ya lazima katika nchi mojawapo inaweza kupelekwa kwa wanachama wengine wanaokabiliwa na tatizo hilohilo la afya. Rwanda ilipoandika barua yake, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na wanachama watano, na wanne kati yao, yaani Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda yenyewe, walikuwa katika kundi hilo. Sharti la nusu lilitimizwa na kupitwa. Barua iliyoandikwa kwa mahitaji ya nchi tano isingeomba pakiti 260,000. Ingeomba kiasi ambacho kingewavuta watengenezaji zaidi ya mmoja kushindana kabla ya leseni, na ofisa wa wizara asingekuwa peke yake alipoweka sahihi.

Kifungu hicho bado kipo. Kinahitaji nchi wanachama zikubaliane mapema kuhusu zabuni ya pamoja ya dawa mahususi, zipatanishe usajili wa dawa hiyo ili pakiti iliyopitishwa Kigali isikwame Kampala, na sheria za hataza za kila nchi ziruhusu leseni ya lazima ya kuagiza na ya kupeleka kwa jirani. Kazi hiyo yote inaweza kufanywa hapa kwetu, bila kusubiri kura ya Ottawa wala makubaliano ya Geneva, na inaweza kuanza kwa dawa moja.